Kuitaja Ardhi: Utafiti wa Wanajamii Huko Mau Mashariki

Mtafiti aingiaye kijijini na hojaji iliyokwisha kuandikwa huwa amekwisha kuamua lipi litaitwa maarifa. Huko Nessuit, karibu na Njoro, wilayani Nakuru, mwaka 2006 mambo yalikwenda kinyume: Waogiek, wazee kwa vijana, walijenga kielelezo cha msitu wa Mau Mashariki chenye milima na mabonde yake, na maana za alama zake wakakubaliana wenyewe. Kielelezo kikawa pia darasa.

Kazi ya mwanaisimu imo humo. Neno *konoito* likifasiriwa "shamba" linapoteza haki iliyomo. Ni ardhi ya ukoo, ipandayo kutoka nyanda za chini hadi za juu, ili warina asali wafuate maua kwa majira. (Tume ya Carter, katika taarifa yake ya 1934, ilipendekeza watu hao wachanganywe na majirani zao.)

Ramani peke yake haishindi kesi. Hata hivyo, tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za Waogiek za ardhi na utamaduni; mwaka 2022 ikaamuru fidia ya shilingi 157,850,000. Novemba 2023 nyumba zao zilibomolewa tena huko Sasimwani, upande wa Narok.