Manukato: Pua Ikipenda, Je, Ngozi Itakubali?

Manukato mawili yanapokaribiana harufu, wengi huchagua kwa kutazama chupa au bei. Ni vyema kuiuliza ngozi pia, na kifua.

Chukua mfano wa Infusion d'Iris ya Prada, iliyotolewa mwaka wa 2007, na No. 19 Poudré ya Chanel, ya mwaka wa 2011. Yote mawili yananukia poda laini. Harufu hiyo haitoki katika ua la irisi bali katika mzizi wake mnene, mfano wa tangawizi, ambao kwa kawaida huwekwa miaka mitatu hivi ukauke kabla ya kutolewa mafuta. Ndiyo maana mafuta hayo ni ghali mno.

Tofauti imo katika viungo vingine. Ya Prada hutajwa kuwa na benzoini, yaani utomvu wa mti. Ya Chanel hutajwa kuwa na asmini. Vyote viwili vinajulikana kuwaletea baadhi ya watu mzio wa ngozi. Kwa hiyo mtu anaweza kudhuriwa na moja asidhuriwe na jingine, hata kama pua yake haioni tofauti kubwa.

Mzio huu si lazima uanze siku ya kwanza. Unaweza kujipaka manukato kwa miaka, kisha shingo na viganja vianze kuwasha na kutoka vipele. Ukishaanza, aghalabu hauishi. Hapo usikimbilie manukato yanayofanana na yale yaliyokudhuru, maana huenda yana kiungo kile kile. Soma maandishi ya kisanduku: sheria ya Ulaya ya mwaka wa 2003 ilitaka viungo 26 vya mzio vitajwe kwa majina, na ya mwaka wa 2023 ikafikisha idadi hiyo zaidi ya 80.

Je, uchague vipi? Dukani, nusa kwanza kwenye karatasi. Omba sampuli za yote mawili, kisha nyumbani ujaribu moja baada ya jingine: paka kidogo upande wa ndani wa mkono, mahali pamoja, mara mbili kwa siku kwa wiki moja. Usipake penye jeraha au palipotoka kunyolewa. Ukiona wekundu au kuwashwa, osha na uache. Aliyewahi kuvimba vibaya kwa manukato asijijaribu mwenyewe, amwone daktari.

Mwenye pumu asinyunyize manukato ndani ya gari au chumba kilichofungwa. Kifua kikibana, toka nje upate hewa, tumia dawa yako ya kuvuta, na usipopata nafuu nenda hospitali mara moja. Manukato hayo hayakufai, hata kama ni zawadi.

Mwisho, funga chupa vizuri na uiweke mbali na joto na jua. Hewa hubadilisha baadhi ya viungo, navyo vikazidi kuidhuru ngozi.