Kushika Kibao kama Kalamu

Katika mpira wa meza ziko njia mbili kubwa za kushika kibao. Ya kwanza ni kukishika kana kwamba wampa mtu mkono wa salamu. Ya pili ni kukishika kama kalamu: mpini hutazama juu, kidole gumba na cha shahada huukamata kwa mbele, na vidole vitatu vilivyobaki hukitegemeza kibao kwa nyuma.

Mshiko huu wa kalamu si wa mzaha. Hiroji Satoh wa Japani aliutumia akawa bingwa wa dunia huko Bombay mwaka 1952. Rong Guotuan wa China alishinda mwaka 1959, na Zhuang Zedong akashinda mara tatu: 1961, 1963 na 1965.

Faida yake ni kwamba kifundo cha mkono huwa huru, basi mpira wa kuanzia huzungushwa kwa hila nyingi. Tena mchezaji aweza kutumia uso ule ule wa kibao pande zote mbili, asisite mpira umjiapo kifuani. Hasara yake iko kushoto, kwa anayetumia mkono wa kuume: huko mkono haufiki mbali, na miguu ndiyo lazima ikimbie. Ili kuponya udhaifu huo, Liu Guoliang, bingwa wa Olimpiki wa 1996, alipiga pia kwa mgongo wa kibao.

Je, wewe mwanafunzi wa Jinja au Mbale uchague upi? Jipime hivi. Mwambie mwenzako akuletee mipira 20, mmoja kuume, mmoja kushoto. Ikiwa miguu yako yaifikia mingi bila kuchoka, mshiko wa kalamu wakufaa. Ikiwa wapenda kusimama pahali pamoja, shika kwa salamu. Kumbuka pia kwamba kibao chenye mpini mrefu kilifanywa kwa mshiko wa salamu, nacho huweza kukusugua kati ya vidole. Usikibane sana, kifundo kikikazwa, faida yote imepotea.

Uchague mapema. Timu ya Jinja ikishuka basini Mbale, au ya Mbale ikifika Jinja, wakati wa kujaribu umekwisha: tangu mwaka 2001 seti ni ya pointi 11 tu, nazo hupita upesi. Anayebadili mshiko kila wiki hana hata mmoja. Mchagua jembe si mkulima.