Umbali, Muda na Saa katika Habari za Safari za Ndege

Habari za safari ndefu za angani huwasumbua wafasiri wetu kuliko zinavyodhaniwa, na kosa dogo ndani yake laweza kumfanya msafiri akute ndege imekwisha kuondoka. Tutalieleza jambo hili kwa mfano wa safari ya Nairobi hadi New York, ambayo Kenya Airways ilianza kuifanya bila kutua njiani tarehe 28 Oktoba 2018.

Kwanza ni umbali. Baina ya miji hiyo kuna kilomita zipatazo 11,800, zikipimwa kwa njia fupi kabisa juu ya uso wa dunia, ambayo katika ramani bapa huonekana imepinda. Marubani huhesabu kwa maili za bahari, kila moja ikiwa mita 1,852. Kwa kipimo hicho umbali huo ni maili karibu 6,400. Kwa maili za nchi kavu hupita 7,300. Basi haifai kuandika "maili" tu bila kutaja ni zipi. Neno "masafa" pia ni zuri, lakini kwa kuwa limezoeleka katika mambo ya redio, twaona "umbali" lafaa zaidi hapa.

Pili ni muda. Kwenda huchukua kiasi cha saa 15, na kurudi saa 14 hivi, ingawa umbali haubadiliki. Sababu yake ni pepo za juu zivumazo kutoka magharibi: ndege iendayo New York hukabiliana nazo, na irudipo humsukuma abiria nyumbani.

Tatu ni saa za mahali. Tuseme ndege inaondoka Nairobi Jumatatu saa tano usiku, majira ya baridi ya Marekani, wakati New York iko nyuma kwa muda wa saa nane. Itakapotua, Nairobi itakuwa saa nane mchana Jumanne, lakini New York ni saa kumi na mbili asubuhi ya siku hiyo hiyo. Asiyejua atadhani safari ilichukua saa saba tu.

Neno "saa" lenyewe lina mtego. "Safari ya saa nane" ni ile ichukuayo muda huo, au ni ile ianzayo wakati huo? Wengine hukimbilia "masaa" ili kuondoa utata. Nia yao twaielewa, lakini katika Kiswahili sanifu neno hili halibadiliki katika wingi. Twapendekeza iandikwe "muda wa saa nane" kwa kipimo, na "saa nane mchana" kwa wakati, sehemu ya siku ikitajwa daima.

Aidha, ratiba ya Kiingereza iandikapo 11 ya usiku, sisi husema saa tano usiku, kwani hesabu yetu huanza jua lichwapo na lichapo. Msafiri aliyeandikiwa "saa kumi na moja" atafika kiwanjani alfajiri, na ndege itakuwa imekwisha kuwa angani kwa muda wa saa sita.

Tunawaomba walimu na watumishi wa serikali wazizingatie tofauti hizi, na watuletee maoni yao.