Zaidi ya Mizani ya Sonara

Agosti 2021 sarafu moja ya fedha iliuzwa mnadani Marekani kwa dola milioni 7.68. Uzito wake ni kama gramu 27. Kama mwenye nayo angempelekea sonara aiyeyushe siku ile, fedha iliyomo isingezidi dola 20.

Sarafu hiyo ni dola ya Marekani yenye mwaka 1804, na historia yake inapita kwenye kasri la mtawala ambaye Waswahili wanamfahamu vizuri. Mwaka 1833 Edmund Roberts, mjumbe wa Rais Andrew Jackson, alifika Maskati kufunga mkataba wa biashara na Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Kwa safari ya pili, serikali ya Marekani iliamua kuandaa zawadi zenye hadhi ya mfalme, na mwaka 1834 kiwanda cha sarafu cha Philadelphia kikaagizwa kutengeneza seti kamili ya pesa za nchi hiyo. Dola ya fedha ilikuwa haijatengenezwa kwa miaka mingi. Daftari za kiwanda zilionyesha kwamba mara ya mwisho ilikuwa 1804, kwa hiyo mafundi wakachonga muhuri wenye mwaka huo. Hawakujua kwamba dola zilizotoka kiwandani mwaka 1804 zilipigwa kwa mihuri ya nyuma, zikiwa na miaka ya nyuma. Hivyo ikazaliwa sarafu ambayo haikuwahi kuwapo sokoni hata siku moja.

Seti ya Sayyid Said ilimfikia mwaka 1835. Dola inayoaminika kuwa ndiyo yake ilikuja kuonekana Liverpool, kwa mkusanyaji aitwaye Charles A. Watters, na mwaka 1917 ikauzwa London kwa pauni 330. Mwaka 1999 ilifika dola milioni 4.14, na baada ya miaka 22 ikakaribia maradufu. Za toleo lile la kwanza zinajulikana nane tu duniani. Hii ya Maskati ndiyo iliyohifadhiwa vizuri kuliko zote: wapimaji waliipa alama 68 kwenye kipimo kinachoishia 70. Haikununua karafuu wala kulipa ushuru, na haikuwahi kusuguana na nyingine mfukoni mwa mtu.

Wengi wenye sarafu kuukuu nyumbani huanza kwa kuuliza ina umri gani. Swali hilo halisaidii sana. Mfano mzuri ni reale ya Maria Theresa, ile yenye sura ya mwanamke mnene aliyejitanda ushungi na, upande wa pili, tai mwenye vichwa viwili. Kila moja imeandikwa 1780, mwaka aliofariki malkia huyo wa Austria. Wafanyabiashara wa Uarabuni, Uhabeshi na pwani yetu waliizoea kiasi cha kukataa yoyote yenye tarehe nyingine, na Vienna ikaendelea kuipiga na tarehe ileile. Katika karne ya 20 Roma, London, Paris, Brussels, Bombay na Birmingham nazo zikaipiga. Kwa hiyo reale iliyoandikwa 1780 inaweza kuwa ilitengenezwa mwaka 1950, na wengi walionayo hawajui.

Ina gramu 28.07, na kati ya hizo gramu 23.39 ni fedha safi. Hesabu yake si ngumu. Wakia moja ya fedha inayouzwa katika masoko ya dunia ni gramu 31.1, hivyo reale moja ina robo tatu ya wakia. Bei ya wakia ikiwa dola 30, fedha ya reale ni kama dola 22 na nusu. Zile za kawaida huuzwa karibu na kiwango hicho, kwa sababu zipo mamilioni. Mkusanyaji anayelipa zaidi anatafuta matoleo ya zamani, na huyatambua kwa mambo madogo sana: idadi ya lulu kwenye kipini kilicho begani mwa malkia, au mpangilio wa manyoya ya mkia wa tai.

Rupia ina mambo mengi zaidi. Rupia ya Uhindi ndiyo iliyowalipa vibarua wa reli ya Mombasa hadi Kisumu, na ndiyo iliyoshika biashara ya Unguja na Bara kwa miongo kadhaa. Ilikuwa na gramu 11.66, na katika kila sehemu 12 za uzito huo, 11 ni fedha safi. Zilitengenezwa kwa wingi wa ajabu, kwa hiyo rupia ya kawaida ya Malkia Victoria au ya Mfalme George V haimtajirishi mtu. Ila iko ya mwaka 1911. Kwenye joho la George V kulikuwa na mkufu wa nishani, na kwenye mkufu huo tembo mdogo. Mkonga wa tembo ulichongwa mfupi na miguu minene, hata macho ya watu wengi wa Uhindi yakaona nguruwe. Waislamu walilalamika, rupia zikaondolewa, na mwaka uliofuata tembo akachongwa upya. Rupia ya 1911 na ya 1912 zina fedha sawasawa, lakini ile ya tembo wa mwanzo ndiyo inayotafutwa. Rupia ya 1939 ni adimu kuliko hiyo tena, na kwa sababu hiyo hughushiwa sana. Kuanzia 1940 kiwango cha fedha kilishushwa hadi nusu.

Huku Bara, Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1890 kutoa rupia yake, yenye uzito na fedha sawa na ile ya Uhindi ili wafanyabiashara wasiikatae. Ni sarafu nzuri kuitazama. Upande mmoja yupo Kaizari Wilhelm II na kofia ya chuma yenye tai juu yake. Upande wa pili simba na mnazi. Mwenye nayo aishike kwa kingo, aiinamishe kidogo chini ya taa na kumwangalia yule tai kwa kioo cha kukuzia. Tai ni sehemu iliyoinuka, kwa hiyo hulika mapema. Manyoya ya mbawa yakihesabika, sarafu haikutembea sana. Tai akibaki kama kivimbe laini, ilipita mikononi mwa watu wengi na bei yake hushuka sana. Kampuni hiyo ilitoa pia sarafu ya rupia mbili, mwaka 1893 na 1894 tu. Atakayeikuta kwenye mkebe wa babu yake asiharakishe kuiuza.

Upande wa Waingereza, mwaka 1920 florini ilichukua nafasi ya rupia, ikiwa nusu yake ni fedha. Haikudumu. Mwaka uliofuata shilingi ya Afrika Mashariki ikatangazwa, yenye simba mbele ya milima, na florini zikaanza kuondolewa. Florini na sarafu nyingine za 1920 zina mvuto kwa wakusanyaji kwa sababu maisha yake yalikuwa mafupi. Shilingi zilizofuata ni nyingi, na robo tu ya uzito wake ni fedha: kwa wakia ya dola 30, kila shilingi ina fedha isiyofika dola mbili. Zenye tarehe ya 1948 na kuendelea hazina fedha kabisa. Ni shaba na nikeli.

Kuna jambo moja la kufurahisha hapa, ingawa linahusu shaba. Mfalme Edward VIII alitawala Uingereza chini ya mwaka mmoja, na kwao hakuna sarafu yake iliyoingia sokoni. Afrika Mashariki senti tano na senti kumi za 1936 zenye jina lake zilitembea madukani kama kawaida, maana zilikuwa na tundu katikati na hazikuhitaji sura ya mfalme. Ni za bei ndogo kwa sababu zipo nyingi, lakini mkusanyaji wa Ulaya huzifurahia sana.

Adui mkubwa wa thamani ya sarafu ni nia njema. Mtu hukuta rupia nyeusi chini ya sanduku, akaisugua kwa majivu na limau, au kwa dawa ya meno, mpaka ikameremeta. Weusi ule hutokana na fedha kukutana na salfa iliyo hewani, nao hauli sarafu kama kutu inavyokula chuma. Anayesugua huondoa pia ngozi ya juu ya fedha, na pamoja nayo mng'ao wa asili ulioachwa na muhuri siku ilipopigwa. Kioo cha kukuzia huonyesha mara moja mikwaruzo midogo inayokwenda upande mmoja. Hakuna fundi anayeweza kuurudisha mng'ao huo. Tundu lililotobolewa ili sarafu ivaliwe shingoni nalo humfukuza mkusanyaji, ingawa reale za mikufu zina uzuri wake na zinastahili kutunzwa kama vito.

Adui wa pili ni tanuri. Mwaka 1918 Marekani ilipitisha sheria iliyoruhusu kuyeyusha dola zake za fedha, na zaidi ya milioni 270 zikayeyushwa. Sehemu kubwa ya fedha hiyo ilipelekwa Uhindi kupigwa rupia. Januari 1980 wakia ilipokaribia dola 50, watu wa Ulaya na Marekani walipanga foleni kuuza vijiko na sarafu. Kwetu jambo hilo hutokea kimyakimya: bei ikipanda, bangili mpya huchongwa kutokana na rupia za mabibi. Rupia ya kawaida iliyolika sana haina hasara kubwa ikiyeyushwa. Kinachosikitisha ni kwamba mizani haitofautishi rupia ya 1911 na ya 1912, na anayepima kwa mizani peke yake hulipa sawa kwa zote mbili.

Sarafu zinazotoka ardhini ni suala jingine kabisa. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, wanaakiolojia walipata hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 ndogo za fedha zilizopigwa hapahapa pwani, pamoja na dinari chache za dhahabu za Kifatimi. Ushahidi huo unaonyesha kwamba miji ya Waswahili ilikuwa ikipiga fedha yake takriban miaka 1,000 iliyopita. Ulipatikana kwa sababu sarafu zilikutwa pamoja, mahali zilipofukiwa. Zingeuzwa moja moja, zingebaki vipande vyepesi vya fedha visivyo na mahali wala tarehe. Anayekuta kitu kama hicho shambani au ufukweni aache kuchimba na awaarifu wahusika wa mambo ya kale.

Kwa zile za nyumbani, mwenye nazo aandike kwanza nani alizileta na kutoka wapi, kwa sababu mnunuzi makini huuliza asili ya sarafu, na mara nyingi anayejua ni mzee mmoja tu katika ukoo. Baadaye apime uzito kwenye mizani ya sonara, asome mwaka na herufi ndogo za kiwanda, na apige picha za pande zote mbili kwenye mwanga wa dirishani. Sumaku isiivute, maana fedha haivutwi. Kila moja iwekwe kwenye karatasi au plastiki yake bila kusuguliwa, na isiuzwe kabla ya kupata bei kutoka kwa wanunuzi wawili wasiojuana.