Siku Moja Paradise Lost Bila Kugusa Karo ya Januari

Shule zikifungwa tu, swali ni lile lile kuanzia Makongeni hadi Kimbo: "Tunaenda wapi?" Na si swali dogo. Mtoto ameshasikia jirani alipanda mashua, mwingine alipanda ngamia, na wewe mwaka jana ulisema "mwaka ujao." Mwaka ujao ndio huu. Shida ni kwamba Disemba ina ndugu yake anaitwa Njaanuari, na karo, yunifomu na vitabu havijali kama mlifurahi.

Habari njema ni kwamba si lazima uende Mombasa. Paradise Lost iko kwenye Kiambu Road, ndani ya kaunti yetu hii hii, katikati ya mashamba ya kahawa. Kuna bwawa la kupiga mashua, maporomoko ya maji, na mapango yaliyogunduliwa mwaka 1996. Kuna farasi na ngamia wa kupanda, na sehemu ya watoto kucheza. Sio Disneyland, lakini kwa familia ambayo haijawahi kutoka pamoja siku nzima, inatosha kabisa. Wanaopenda mashine za kupaa juu watasema heri Two Rivers, ile mall ya Limuru Road iliyofunguliwa 2017, na gurudumu lake kubwa. Sawa. Karibu yote utakayosoma hapa yatakufaa huko pia.

Langoni si mwisho wa kulipa

Tukitaja Disneyland, kuna jambo lake moja la kujifunza. Ilipofunguliwa kule California, Julai 1955, mgeni alilipa langoni, halafu akalipia kila mchezo peke yake. Baadaye vikaja vijitabu vya tiketi zenye herufi: A ilikuwa ya michezo midogo, na E, iliyoanza 1959, ilikuwa ya ile mikubwa ambayo kila mtu aliitaka. Ni mwaka 1982 ndipo vijitabu vikaachwa, ukawa unalipa mara moja unapanda mpaka uchoke.

Sehemu zetu nyingi za burudani bado ziko kwenye ule mtindo wa kwanza. Langoni unalipa kuingia. Mashua ni pesa nyingine, farasi ni nyingine, na picha ya yule jamaa mwenye kamera kubwa ni nyingine tena. Hakuna ubaya hapo. Asiyetaka kupanda farasi halipii farasi. Ila bajeti ya watu wengi huhesabu nauli, lango na chakula, halafu inaisha. Michezo inaachiwa "tutaona tukifika." Ukifika huoni kitu, unalipa tu. Mia mbili hapa, mia tatu pale, na kwa simu haziumi kwa sababu hujaona noti ikitoka mkononi. Kufika saa kumi salio limeisha, na simu inakuuliza kama ungependa kutumia Fuliza. Mtoto ameshakaa juu ya farasi na watu wanaangalia. Utajibu nini? Na Fuliza inatoza kila siku hadi ulipe, maana yake siku ya kufungua shule unaweza kuwa bado unamlipia yule farasi.

Kwa hivyo kazi kubwa inafanyika nyumbani. Piga simu, uliza bei ya lango kwa mtu mzima na mtoto, bei ya kila mchezo, kama chakula cha nyumbani kinaruhusiwa, na kama wanapokea malipo ya till au Paybill. Andika kwenye karatasi, si kichwani.

Halafu gawa. Tuseme, kwa mfano tu, wewe ni mzazi wa Ruiru, mnaenda watano: wazazi wawili, watoto wawili na shosho, na mmejiwekea 6,000. Nauli ya kwenda na kurudi 1,400, lango 1,800, michezo 1,300, chakula na maji 1,000, na 500 ya dharura. Bei halisi utazipata ukipiga simu, lakini angalia hiyo 1,300. Hiyo ndiyo inayoamua kama mtarudi nyumbani mkicheka au mkinuniana. Ushauri wangu: kila mtoto apewe 500 yake, na 300 iwe ya shosho. Mtoto aonyeshwe zile bei, achague mwenyewe usiku wa kuamkia safari. Akichagua farasi na mashua na pesa ikaisha, imeisha. Utashangaa mtoto wa miaka tisa anavyopiga hesabu akijua pesa ni yake. Na shosho asiseme ati yeye atakaa tu. Kwenye mashua wazee ndio hufurahi kuliko wote.

Pesa ya safari ikae mbali na pesa ya unga

Ukianza wiki ya kwanza ya Septemba, kufikia Krismasi una kama wiki 16. Hiyo 6,000 inakuwa 375 kwa wiki, kiasi ambacho mama wa mboga au fundi wa Gatundu Road anaweza kukiweka bila kelele. Lakini isikae kwenye salio la kila siku, kwa sababu salio la kila siku lina marafiki wengi: tokeni za stima, bando, "nisaidie mia mbili nitarudisha." Tumia akaunti ya akiba ya kufunga kwa tarehe, kama ile ya M-Shwari, au mpe mweka hazina wa chama akuwekee. Weka tarehe ya kufunguka siku chache kabla ya safari, si asubuhi ya safari yenyewe.

Ikifunguka, ihamishie kwenye simu moja itakayolipa siku hiyo. Simu moja tu. Baba akilipa chakula, mama akilipa mashua na shangazi akitoa pesa kwa ajenti, jioni hakuna anayejua mmetumia ngapi. Simu ya pili ibebe ile 500 ya dharura na izimwe kwenye mkoba, betri ikiwa imejaa. Hii si mambo ya kujifanya. Kupiga picha kutwa humaliza betri, na simu iliyozimika ni pochi iliyofungwa.

Kidogo kuhusu makato, maana watu hupoteza hapa bila kujua. Kulipa kwa till ya bidhaa hakukugharimu kitu wewe mteja. Paybill inaweza kukukata au isikukate, kulingana na mpango wa mwenye biashara. Kutoa pesa kwa ajenti kunakata kila mara, na hapo ndipo mpangilio unasaidia. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, kutoa 500 kwenye M-Pesa ni shilingi 29. Ukitoa 500 mara sita kwa siku umelipa 174. Ukitoa 3,000 mara moja, ni 52. Tofauti ya 122 ni soda za watoto hizo. Kwa hivyo amua mapema unahitaji keshi kiasi gani, hasa ya nauli, uitoe mara moja karibu na nyumbani kwa ajenti unayemjua.

Ile "ofa ya Krismasi" kwenye Facebook

Hii nitaisema polepole. Msimu wa sikukuu ukifika, zinatokea kurasa zenye picha safi za mabwawa na watoto wanaocheka, na ofa tamu: familia nzima nusu bei, tuma dipoziti leo, nafasi zimebaki tano. Namba ni ya mtu binafsi. Ukituma, ukurasa unanyamaza. Wizi huu hata si mpya. Disneyland ilipofunguliwa 1955, siku ya kwanza kabisa watu wengi waliingia kwa tiketi feki.

Ulinzi wako ni jina. Kabla ya pesa kuondoka, M-Pesa inakuonyesha jina la unayemtumia. Lisome. Mahali pa burudani panapaswa kuleta jina la biashara, na likitokea jina la mtu usiyemjua, katiza hapo hapo, usione haya. Ukiwa tayari umetuma kwa namba isiyo sahihi, tuma ule ujumbe wa uthibitisho kwenda 456 mara moja, kwa sababu mpokeaji akishatoa pesa, kuirudisha kunakuwa kugumu. Na namba ya kupiga kuulizia ofa usiichukue kwenye tangazo lenyewe. Tapeli hawezi kukuambia yeye ni tapeli. Kama si lazima kulipa mapema, lipa ukifika, ukiwa umesimama langoni na till iko ukutani.

Siku yenyewe

Kutoka Ruiru kuna mat za kwenda Kiambu kupitia Kirigiti (jina ambalo wazee wanasema lilitokana na kriketi ya walowezi), kisha mnapanda nyingine inayoshuka Kiambu Road. Kutoka Thika, ingieni 237, mshuke Muthaiga, mchukue za Kiambu, namba 100. Mwambieni kondakta mapema mnashukia Paradise Lost. Mwenye gari atatumia Northern Bypass hadi Kiambu Road.

Tokeni mapema. Mkifika pakifunguliwa, mtakuta hewa ni baridi, foleni hakuna, na wahudumu bado wana tabasamu. Anzeni na kile ambacho kila mtu atakitaka baadaye. Mimi ningeanza na mashua, halafu farasi, jua likianza kuchoma ndipo muingie mapangoni penye kivuli. Kuleni kabla ya saa saba, watu wakijaa jikoni nyinyi mmeshamaliza. Baada ya hapo msipange kitu. Kweli, msipange. Alasiri iwe ya shosho kulala kwenye nyasi na watoto kukimbia ovyo, ambayo haina till. Watu huenda kupumzika na ratiba ya kazini, wanarudi wamechoka kuliko walivyoenda. Na kama kazi yako inakuruhusu, chagua Jumanne au Jumatano ya likizo badala ya Boxing Day.

Ukilipa, subiri ujumbe wa uthibitisho kabla ya kuondoka dirishani, na usiufute hadi mfike nyumbani. Mtandao ukisumbua, angalia salio kwanza kabla ya kulipa mara ya pili. PIN ni yako, hata kama mtoto ana vidole vyepesi kuliko vyako na jua linakuzuia kuona kioo. Sogea kivulini, andika mwenyewe.

Karibu saa tisa, fungua zile jumbe za siku nzima uzijumlishe dakika mbili. Kama zile 1,300 za michezo zimeisha, waambie watoto mapema badala ya kuwakatalia mbele ya ngamia. Kama zimebaki, basi mzunguko mmoja zaidi wa mashua, na huo utakuwa mtamu kuliko wote.

Nauli ya kurudi ndiyo pekee isiyoguswa kwa sababu yoyote. Iwe keshi, iwe kwenye mfuko wa peke yake, tena iwe juu kidogo ya uliyolipa asubuhi. Kwenye sikukuu, saa kumi na mbili jioni, na steji imejaa mashosho na watoto waliolala mabegani, kondakta hana bei ya asubuhi.