Kuza maandishi kabla ya kuingia Nairobi

Magari mengi tunayoletewa kutoka Japani huja na skrini yenye ramani ya huko huko, tena kwa Kijapani. Nairobi haikufai kitu. Mimi hutumia simu. Kabla sijaondoka, huingia kwenye mipangilio ya skrini nikakuza herufi na ukubwa wa maonyesho; macho ya miaka arubaini na maandishi kama sisimizi hayapatani. Rangi za ramani naziacha zibadilike zenyewe Magharibi ikiingia.

Kisha huchagua kuepuka barabara za kulipia. Hili msilidharau, jamaa zangu. Ukitoka katikati ya jiji kuelekea Westlands, Expressway iliyofunguliwa 2022 imepita juu ya Uhuru Highway na Waiyaki Way. Ukikosea kusoma, ushapanda, na kushuka ni kwa kulipa. Nayo yaishia James Gichuru, kabla ya Kangemi.