Amri ya Tororo na Funzo Lake kwa Askari

Tarehe 4 Agosti 1972, Idi Amin aliwahutubia wanajeshi katika kambi ya Tororo, akatangaza kwamba Waasia wenye pasi za Uingereza hawatakiwi tena Uganda. Walipewa siku 90. Punde hata wengi waliokuwa raia wa Uganda walikataliwa uraia wao. Waliosafiri kwa gari moshi kwenda Mombasa walipita Tororo hiyohiyo, na kwenye vizuizi vya njiani wengi walinyang'anywa mali na watu waliovaa sare.

Chuki ile haikuzuka siku moja. Serikali ya kikoloni iliwapanga watu kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Mwafrika alilima pamba, lakini viwanda vya kuichambua vilikuwa vya wengine. Dai la kuichambua mwenyewe lilichangia ghasia za mwaka 1949. Hata katika jeshi la Keya, Mwafrika hakupewa cheo cha ofisa kamili mpaka uhuru ulipokaribia.

Dhuluma hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini Amin hakuivunja ngazi ya rangi. Aliipindua tu, na uchumi ukawaangukia wananchi wote. Mwaka 1982 ikabidi itungwe sheria ya kurudisha mali kwa wenyewe.

Ndugu askari, mpakani Busia Wasamia wako pande zote mbili. Uso hauonyeshi uraia. Kagua hati, chunguza kosa. Askari amhukumuye mtu kwa ngozi yake angali akiitii amri ya mkoloni, ijapokuwa bendera imebadilika.